Bi Domnica Pleșcan na Masikio ya Ignat

Baada ya miaka arobaini, miezi tisa na siku ishirini na saba ya utumishi, Bi Domnica Pleșcan, fundi sanifu mkuu wa Taasisi ya Dawa za Ngozi hapa mjini Botoșani, atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa sita mchana. Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1983 akiwa na miaka ishirini na miwili. Tangu siku hiyo taasisi imekuwa na wakurugenzi saba, imebadilisha jina mara nne na mabomba ya maji mara moja. Yeye amebadilisha miwani tu.

Mwezi Mei mhariri wa jarida letu la wafanyakazi, Bwana Scripcaru, alinipigia simu. "Profesa, tunataka aya tano za wasifu wake. Zichekeshe kidogo. Ile habari ya karipio tusiiguse, maana siku yenyewe ni ya furaha." Nilimwambia nitaandika. Sikumwambia nitaandika nini. Mimi, Valerian Onofrei, nilikuwa mkuu wa maabara yake tangu mwaka 1979 hadi 2005, na jina langu ndilo lililokuwa mlangoni kwake kwa miaka mingi. Nina umri wa miaka themanini na sita, na daktari wa moyo ameniambia kwa upole nisipange safari yoyote ya vuli. Kwa hiyo aya ni zaidi ya tano, na karipio limo. Asiyetaka kulisoma aende ukumbi wa chini, kahawa iko tayari.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wageni wengi wa Ijumaa watakuwa jamaa zake wa kwao Dorohoi ambao kwa miaka yote hii wameambiwa tu kwamba Domnica "anafanya kazi na nguruwe". Mtu mwenye viungo vilivyovimba humeza vidonge. Maumivu hupungua, lakini tumbo huchimbika vidonda. Mama yake Bi Domnica alikuwa mfumaji; vidole vilimvimba, akameza vidonge miaka kumi na mmoja, akafa kwa kutokwa damu tumboni. Sisi tulitaka dawa ile ile ipite kwenye ngozi na kufika gotini au kidoleni bila kugusa tumbo. Tatizo ni kwamba ngozi ni ukuta, na Mungu hakuujenga ili wafamasia waupenye. Basi dawa tunaifungia ndani ya chembe za mafuta ndogo mno, chembe ambazo mpaka mamia yapangwe mstari ndipo yafikie unene wa unywele mmoja, kisha tunazichanganya kwenye jeli ya kupaka.

Kabla ya kupakwa mtu, jeli hupakwa ngozi ya sikio la nguruwe, maana ngozi hiyo inafanana na yetu kuliko tunavyopenda kukiri. Kipande cha ngozi hubanwa kati ya vikombe viwili vidogo vya kioo. Jeli hukaa juu, maji ya chumvi yenye uvuguvugu hukaa chini, na kila saa fundi huvuta matone ya maji hayo kupima ni dawa kiasi gani imepenya. Sharti ni moja tu: ngozi iwe nzima. Machinjioni nguruwe hutumbukizwa kwenye maji ya moto ili manyoya yang'oke, na ngozi iliyopita kwenye maji ya moto si ukuta tena, ni chekeche. Masikio lazima yakatwe kabla.

Ndiyo maana kila Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, kwa miaka yote hiyo isipokuwa mitatu nitakayoieleza, Bi Domnica alikuwa amesimama machinjioni na viatu vya mpira, akiwazuia wanaume wenye haraka wasisukume mnyama kwenye birika la maji ya moto kabla hajapitisha kisu chake. Walimwita Masikio. "Masikio amefika, ficheni yenu," walikuwa wakisema. Naye huku akinoa kisu: "Yenu siyataki. Hayajawahi kusikia kitu." Wale wachinjaji walikuwa watu wagumu, lakini alipougua nimonia mwaka 1992 walimletea hospitalini figo za nguruwe ndani ya karatasi ya sikukuu, na mmoja wao alilia mbele ya muuguzi.

Wafanyakazi wa umri wangu watakumbuka miaka ya themanini, wakati nyama nzuri ilipokuwa ikipelekwa nje ya nchi na madukani tukaachiwa kwato na vichwa. Sikio la nguruwe lilikuwa mlo wa heshima wakati huo. Kabla ya Krismasi ya 1986 jozi kumi na nane za masikio ya utafiti zilitoweka kwenye friji la maabara, na mlinzi wetu, Mzee Panaite, akaonekana mwenye afya kwa wiki nzima. Bi Domnica hakumshtaki mtu. Alichukua rangi ya samawati tunayotumia kwenye hadubini akapaka kila sikio upande wa ndani, upande ambao hatuutumii, na kulirudisha kwenye friji. Baada ya siku mbili Mzee Panaite alimfuata kwenye korido.

"Bi Domnica, nguruwe gani huyu ana sikio la samawati?"

"Nguruwe wa serikali, Mzee Panaite. Ukimla unaandika ripoti."

Masikio hayakuibwa tena.

Wanafunzi sitini na mmoja wa uzamivu wamepita mikononi mwake. Wengine leo ni maprofesa, na naamini wote bado wanamwogopa. Mtu akianza sentensi kwa "nadhani", alikuwa akimwonyesha dari: "Kudhani ni kazi ya ghorofa ya juu. Humu tunapima." Yeye ndiye aliyeweka desturi ya kupitisha umeme mdogo kwenye kila kipande cha ngozi kabla ya jaribio. Ngozi nzima huuzuia, ngozi mbovu huuachia. Aliwaeleza hivi: "Ngozi ni kama karani wa ofisi ya ardhi. Asipokukatalia mara ya kwanza, ujue ana matatizo." Taasisi za miji mingine mitatu sasa zinafuata desturi hiyo, na kwenye maandishi yao huitwa kipimo cha Botoșani. Mji haujawahi kuamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya kipimo hicho. Kiitwe kipimo cha Pleșcan.

Sasa nafika mahali ambapo Bwana Scripcaru angependa nimalize.

Desemba ya 2001 tulikuwa na jeli mpya. Kiwanda kimoja cha dawa kilitaka kuona matokeo tarehe 15 Januari, nami nilitaka kiwanda hicho kuliko nilivyotaka Krismasi. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu na sijapata kufanya jambo ambalo mtu angelikumbuka. Tulibakiza jaribio la mwisho, lile kubwa. Machinjio yakafungwa kwa matengenezo hadi baada ya Epifania, sikukuu ya mapema Januari. Bi Domnica akaniambia, "Tusubiri. Ngozi haina kalenda." Mimi nilikuwa na kalenda.

Nilimpigia simu ndugu yangu mdogo, Gavril, kijijini kwetu kando ya mto Jijia. Tarehe 20 Desemba ni siku ya Ignat, na siku hiyo kila ua wa kijiji huchinja nguruwe wake. Gavril alikuwa anachinja wa kwake, na wa majirani sita walikuwa wanamngoja yeye. Nilimweleza mara mbili: akate masikio mara tu baada ya mnyama kufa, kabla ya moto. Akaniahidi. Siku moja baada ya Ignat akanitumia boksi la barafu kwa mtu anayekuja mjini, na ndani yake jozi saba za masikio ya waridi, masafi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mtu yeyote aliyekulia vijijini kwetu ameshaona kosa liko wapi. Siku ya Ignat nguruwe hafunikwi maji, hufunikwa mabua makavu ya ngano na kubabuliwa, kisha husuguliwa kwa maji ya vuguvugu na unga wa mahindi hadi ang'ae. Na haguswi na kisu kingine, hata unywele, kabla ya kupita motoni mzima na kuchorwa msalaba. Mimi nilizaliwa kwenye ua ule. Nilikula ngozi ya nguruwe yenye harufu ya moshi kabla sijajua kusoma. Nilikaa mjini miaka arobaini na tano nikaamini kwamba profesa akipiga simu, Ignat itabadilika.

Bi Domnica alifungua boksi, akainama, akanusa. "Profesa, haya yameonja moto."

"Yameoshwa tu. Ndugu yangu ni msafi."

"Ndugu yako ni msafi na ana mabua." Akachuna vipande vitatu, akapitisha umeme. Umeme ulipita kama upepo kwenye uzio uliovunjika. Akavuta daftari la maabara, akaandika chini ya tarehe 21 Desemba kwa mwandiko wake uliosimama wima: "Ngozi imebabuliwa. Haizuii umeme wala maji. Isitumike." Akatia saini. Akaniambia kwamba jaribio hilo hatalifanya yeye, wala hatampa mwanafunzi alifanye. Nikamwambia aende likizo. Akavaa sweta zake mbili, akaenda Dorohoi.

Sitaki mtu anitetee kwa kusema kwamba sikuwa na hakika. Jioni ile nilimpigia Gavril.

"Gavril, masikio yalipita motoni?"

"Kaka, Mama alikuwa amesimama pale pale na fimbo yake. Ningekata kabla ya moto angenikata yangu. Lakini niliyasugua vizuri sana. Kwani kuna tofauti?"

Nilimwambia hakuna. Hayo ndiyo niliyomwambia ndugu yangu, naye alikufa mwaka 2016 akiamini kwamba alinisaidia. Jaribio nililifanya mwenyewe tarehe 22 na 23 Desemba, kwa mikono yangu, nikijua. Dawa ilipenya mara tisa zaidi ya jeli ya kawaida. Maji yenyewe yangepenya mara tisa kwenye ngozi ile.

Makala ilichapishwa mwaka 2002. Nilipewa nishani, kiwanda kikatuletea mashine mbili, na jina langu likabandikwa mlangoni kwa herufi za shaba. Bi Domnica alikuwa akipita chini yake kila asubuhi. Siku moja, wageni wa wizara walipokuwa wanapiga picha, alinipita na trei ya vikombe akasema kwa sauti ya kawaida, "Subiri mtu mwenye ngozi nzima."

Mtu huyo alipatikana mwaka uliofuata. Maabara ya nchi nyingine ilirudia jaribio letu kwa ngozi nzima, na jeli yetu haikupenya kitu. Wakaandika barua ya heshima yenye maswali. Taasisi ikaunda tume ya watu watatu, ambao wote leo ni marehemu. Aprili 2003 tuliitwa, mimi na Bi Domnica, tukakaa upande mmoja wa meza. Wakaniuliza ngozi iliandaliwa na nani. Nikajibu: "Katika maabara yangu ngozi huandaliwa na fundi."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Nililitunga kwa siku nne.

Bi Domnica aligeuka, akaniangalia. "Profesa, ni mimi niliyeleta masikio yale?"

Niliangalia karatasi zangu. Akawageukia wale watatu, akaomba daftari la 2001 liletwe. Likaletwa. Ukurasa wa 87, ule wa tarehe 21 Desemba, haukuwapo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, karibu na mshono, kwa unadhifu. Mwenyekiti akaangalia lile pengo, kisha akamwangalia mwanamke ambaye daftari lilikuwa chini ya ufunguo wake. Nilikuwa na ufunguo wa pili. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Hivyo ndivyo Bi Domnica Pleșcan alivyopata karipio kali la maandishi kwa makosa mawili: kuandaa ngozi mbovu na kuharibu kumbukumbu za utafiti. Walipompa asaini, alichukua kalamu na kuandika mahali pa saini: "Nimesoma. Si kweli." Mwenyekiti akamwambia fomu hiyo haina nafasi ya maoni. "Ndiyo maana nimeandika kwa ufupi," akajibu.

Kwa watu wasiojua taratibu zetu: kila Januari mfanyakazi huletewa muhtasari wa faili lake ausaini. Tangu 2004 hadi mwaka huu ameletewa mara ishirini na moja, karipio likiwa juu, na mara ishirini na moja ameandika maneno yale yale matatu. Mwaka 2011 ofisi ya utumishi ilimwahidi kupandishwa cheo endapo angesaini kawaida tu, kwa jina. Nimeona karatasi ya mwaka huo. Mwandiko ni mkubwa kidogo kuliko wa miaka mingine.

Mara baada ya karipio walimhamishia chumba cha kuoshea vyombo. Aliosha vikombe vya kioo karibu miaka mitatu. Wanafunzi wapya waliambiwa na wakubwa wao, "Yule ndiye Masikio, aliyeharibu utafiti wa Profesa," na jina ambalo wachinjaji walimpa kwa mapenzi likawa tusi ndani ya kuta hizi. Mimi nilisikia. Nilipita kwenye korido nikiwa nimeshika mkoba, nikasikia, nikaendelea kutembea. Katika miaka hiyo mitatu hakuna mtu mwingine aliyeweza kupata masikio mazima, kwa sababu wachinjaji walikataa kumngoja mtu mwingine yeyote. Walimwambia daktari mmoja kijana aliyetumwa huko, "Mwambie profesa wako aje mwenyewe na kisu." Sikwenda.

Aliyemrudisha maabara si mimi. Ni Dakta Ilinca Buhaș, aliyechukua nafasi yangu nilipostaafu na ambaye mwezi wake wa kwanza alishuka chumba cha vyombo akamuuliza swali ambalo mimi niliogopa kuuliza tangu 2001: "Bi Domnica, ile jeli ina tatizo gani hasa?" Alijibiwa kwa saa mbili, sinki likifurika. Bi Domnica alikuwa ameshalifikiria lote, mikono ikiwa majini. Chembe zetu zilikuwa kubwa mno na zikishikana. Mafuta yalikuwa laini mno yakiachia dawa kabla ya wakati. Na jeli ilikauka juu ya ngozi kama gundi.

Walianza upya. Mafuta magumu zaidi, chembe ndogo zaidi, jeli inayobaki na unyevu. Walishindwa mara thelathini na nne, na kila mara imeandikwa, kurasa zote zipo. Oktoba 2009, kwenye ngozi iliyozuia umeme kama inavyotakiwa, dawa ilipenya mara mbili na nusu zaidi ya jeli ya kawaida. Si mara tisa. Dakta Buhaș ananiambia kwamba yeye alipiga makofi, na Bi Domnica akamwambia aache kelele, rudia. Wakarudia mara sita. Mwaka 2012 watu arobaini wenye magoti mabovu waliipaka katika zahanati ya mji, na tangu 2015 inauzwa kwenye maduka ya dawa ya nchi nzima. Kwenye makala ya matokeo hayo ya 2009 jina la Bi Domnica limewekwa mwishoni, kwenye shukrani, "kwa msaada wa kiufundi", kwa sababu ofisi ya mkurugenzi wa wakati huo ilisema mtu mwenye karipio la kuharibu kumbukumbu hawezi kuwa mwandishi. Bibi wa jirani yangu anaipaka kila jioni. Mimi pia.

Ukurasa wa 87 sikuuchoma. Sijui kwa nini, na sitajipamba kwa kusema ilikuwa dhamiri. Pengine ni mazoea ya mtu wa maabara, asiyetupa data. Ulikaa miaka ishirini na miwili ndani ya kamusi ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeihitaji. Jumapili tarehe 19 Mei nilimwomba Bi Domnica aje. Alikuja na sufuria ya supu ya maharage, akaiweka jikoni, akakaa bila kuvua koti. Nikampa ile karatasi. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Umeikunja vibaya," alisema. "Karatasi ya maabara haikunjwi mara nne."

Nikamwambia kwamba nimeombwa kuandika wasifu wake na nataka kuandika yote.

"Andika. Ila usinisifu sana, watu watadhani nimekufa."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi ndefu, ikatoka fupi. Aliilainisha ile karatasi kwa kiganja.

"Kusamehe sijakusamehe, Profesa. Nimekuzoea tu, kama goti bovu." Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Na kama unaandika, faili lifunguliwe kabla ya siku yangu ya mwisho. Wasije wakaniletea barua nyumbani nikiwa nimeshastaafu. Maiti ndiye huoshwa na wengine akiwa amelala. Mimi nataka nisafishwe nikiwa bado na ufunguo wa friji mfukoni."

Aliacha supu. Nilimpigia wakili kesho yake.

Hati yangu ya kiapo ilifika kwa mkurugenzi tarehe 24 Mei, pamoja na ukurasa wa 87. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mashauri ya zaidi ya miaka kumi hayafunguliwi. Nikaandika kwamba nimekwisha kuliandikia jarida lililochapisha makala ya 2002 iondolewe, nimeeleza sababu, nao wameahidi kutangaza sababu hiyo kwa jina langu. Kwa hiyo dunia nzima itajua habari hii kabla ya faili la Botoșani, kama Botoșani inapenda iwe hivyo. Jibu la pili lilikuwa kwamba karipio linaweza kuondolewa kimya kimya, baada ya sherehe, kulinda heshima ya taasisi. Nikauliza heshima hiyo iko kwenye chumba gani, maana nimefanya kazi humu miaka ishirini na sita na chumba pekee nilichokiona nayo ni cha kuoshea vyombo. Wapo waliosema mzee amechanganyikiwa. Waje wanipime.

Tume mpya ilikaa Jumanne tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi. Bi Domnica alikaa, mimi nilisimama; hilo nililiomba, ingawa nilihitaji mgongo wa kiti kushikilia. Nilisoma hati yangu yote. Mwenyekiti, mwanamke kijana wa sheria, alimuuliza kwa nini hakukata rufaa.

"Nilikata kila Januari," Bi Domnica alisema. "Hakuna aliyeuliza nilikuwa namaanisha nini."

Karipio limefutwa, kwa makosa yote mawili, na uamuzi umesainiwa mbele yake. Makala ya matokeo ya 2009 itachapishwa upya, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya waandishi; Dakta Buhaș ndiye aliyeomba. Herufi za shaba zimeng'olewa mlangoni, na zimeacha matundu kumi na sita ambayo naomba yasizibwe. Kuhusu mimi, walisema sheria haina namna ya kumkaripia mtu aliyekwisha kustaafu. Niliwaambia waandike hivyo hivyo, wasijali sheria. Wakaandika ukurasa mmoja. Niliusoma, na wote ulikuwa kweli, nikausaini.

Mkurugenzi alikuwa ameandaa shada la maua. Bi Domnica aliliangalia, kisha akaangalia saa ya ukutani.

"Maua Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Leo nina ngozi juu ya maji, na wakati wa sampuli ya saa ya tatu umefika." Akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi, bila haraka, na baadaye mlango wa maabara.

Bi Domnica, kwa niaba ya wanafunzi sitini na mmoja, wachinjaji wa zamu ya alfajiri, na maelfu ya watu wanaopaka magoti yao bila kujua jina lako, taasisi hii inakushukuru. Hatukuombi uzipokee shukrani hizo. Ziko mezani, fanya nazo upendavyo. Miti ya plamu iliyo uani kwako izae hadi matawi yainame. Vidole vyako visivimbe. Wakikupigia simu kutoka maabara kuuliza hili na lile, na watapiga, una haki ya kutoshika. Saa ulizotupa zilikuwa nyingi na nyingine tulikunyang'anya. Hizi zilizobaki ni zako mwenyewe, zikae nawe kwa wema, na asitokee tena mtu wa kukuamulia zitumike vipi.